Maswali ya Wasomaji: Milia, Madoa na Pembesita za Mwilini Hutoka Wapi?

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinagusa jambo moja. Seli hazina macho wala ramani, lakini zikiwa pamoja hupanga milia, madoa, pembesita na mizunguko kwa utaratibu unaoweza kupimwa kwa rula. Tumechagua maswali manane. Machache tumeyajibu kwa kirefu kwa sababu hayawezi kujibiwa vizuri kwa ufupi.

Nimefundishwa kwamba kemikali ikisambaa huishia kuwa sawa kila mahali. Sasa inawezekanaje kusambaa huko huko kukatengeneza madoa ya chui? Na je, mchoro wa madoa umo ndani ya jeni?

Tuanze na swali la pili, maana jibu lake ni jepesi: mchoro haumo. Jeni hubeba maagizo ya protini ipi itengenezwe, wakati gani, na seli ifanye nini inapopokea ishara kutoka kwa jirani yake. Hakuna jeni inayosema "weka doa hapa". Mahali pa doa huamuliwa na seli zenyewe zinapojibizana.

Jinsi majibizano hayo yanavyoweza kuzaa mpangilio ilielezwa kwa hesabu mwaka 1952 na Alan Turing, mwanahisabati Mwingereza. Alifikiria vitu viwili vinavyosambaa ndani ya tishu moja, na mwaka 1972 Alfred Gierer na Hans Meinhardt, kwa njia yao wenyewe, wakaliweka sharti lake kuu kwa lugha nyepesi zaidi. Kitu cha kwanza ni kichocheo: kinajiongeza chenyewe, na kinaiamuru seli itengeneze pia kitu cha pili. Cha pili ni kizuizi, nacho humkandamiza yule aliyekizaa. Sharti ni kwamba kizuizi kisambae haraka na mbali kuliko kichocheo.

Ifuatilie hatua kwa hatua. Tishu inaanza ikiwa sawa kila mahali, ila tofauti ndogo za bahati nasibu hazikosekani kamwe. Mahali fulani kichocheo kinazidi kidogo. Kwa kuwa kinajiongeza, kinapanda. Kikipanda, kizuizi nacho kinatengenezwa kwa wingi, lakini hakikai pale pale, kinakimbilia pembeni. Matokeo yake, katikati kichocheo kinabaki na nguvu, na kukizunguka kunatokea eneo ambalo kichocheo kingine hakiwezi kuinuka. Ukienda mbali zaidi, kizuizi kimekwisha kuoza au kupungua, na kilele kingine kinapata nafasi. Ndiyo maana madoa hayarundikani na wala hayatofautiani sana kwa umbali.

Umbali huo unaweza kukadiriwa. Chukua kasi ya kusambaa ya kitu, izidishe kwa muda ambao molekuli yake huishi kabla ya kuvunjwa, kisha tafuta kipeo cha pili. Protini inayosambaa kwa mikrometa za mraba 10 kwa sekunde na kuishi saa moja, yaani sekunde 3,600, hufika umbali wa mikrometa 190 hivi. Inayosambaa kwa mikrometa 1 ya mraba kwa sekunde na kuishi muda huo huo hufika mikrometa 60. Umbali kati ya kilele na kilele huwa ni mara kadhaa ya vipimo vya namna hii.

Hesabu hiyo hiyo inaeleza jambo ambalo wasomaji wengi hulipita bila kuliona: mpangilio huu hauna budi kuwekwa kiumbe kikiwa kidogo. Muda wa kusambaa hukua kwa mraba wa umbali. Protini ya kwanza hapo juu huhitaji kama siku moja kuvuka milimeta moja; sentimeta moja ingehitaji siku zaidi ya mia. Kwa hiyo ngozi ya mnyama mkubwa hugawanywa angali kijusi, kisha mgawanyo huo hutanuka pamoja na ngozi. Mabaka ya twiga mzima ni yale yale ya utotoni, yamekuzwa tu. Kwa paka wa nyumbani, utafiti wa mwaka 2021 ulionyesha kwamba ngozi ya kijusi huwa imekwisha kugawanyika katika maeneo yanayowasha jeni ya Dkk4 na yasiyoiwasha kabla nywele hazijaota wala rangi kuonekana. Protini ya Dkk4 ni kizuizi cha ishara inayoitwa Wnt, kitu ambacho nadharia ingekitarajia.

Umbo la eneo nalo lina sauti yake. Mkia ukiwa mwembamba kuliko umbali wa doa na doa, hakuna nafasi ya madoa mawili kukaa ubavu kwa ubavu, hivyo doa linauzunguka mkia na kuwa pete. Mtazame duma: mwili una madoa, ncha ya mkia ina pete. Mwanahisabati James Murray aliliweka wazi tokeo hili: mnyama mwenye madoa anaweza kuwa na mkia wa pete, lakini hesabu hairuhusu mwili wa milia kuambatana na mkia wa madoa.

Nadharia ilikaa karibu miaka 40 bila ushahidi safi hata kwenye kemikali za kawaida. Mwaka 1990 wanakemia wa Bordeaux, Ufaransa, walipata madoa yaliyotulia ndani ya jeli, kwa mmenyuko wa kloraiti, iodaidi na asidi maloniki. Wanga uliowekwa ili kuonyesha rangi ndio uliofanikisha jambo, kwa sababu uliinasa iodini na kuipunguzia mwendo. Kichocheo kikawa kizito, kizuizi kikabaki chepesi, sharti likatimia.

Kwa nini seli nyingi zinafanana na pembesita? Nimetazama ngozi ya kitunguu na picha za bawa la inzi, lakini zote si pembesita kamili.

Umeona sawasawa. Kwenye tishu ya bawa la inzi wa matunda linapokua, pembesita huwa chini kidogo ya nusu ya seli zote. Zinazobaki ni pembetano, pembesaba na chache za aina nyingine. Kilicho thabiti ni wastani, nao hukaribia 6. Wastani huo hautokani na seli kupenda pembesita. Unatokana na hesabu ya kugawanyika, na hesabu yenyewe unaweza kuifanya kwa penseli.

Chora seli yenye pande n. Igawe kwa ukuta mpya unaotoka upande mmoja hadi mwingine. Ukuta mpya unahesabiwa mara mbili, mara moja kwa kila binti, na zile pande mbili zilizokatwa zinakuwa nne. Kwa hiyo mabinti wawili kwa pamoja wana pande n + 4. Sasa angalia majirani wawili ambao ukuta mpya umegonga mipaka yao: kila mmoja ameongezewa upande mmoja. Jumla, kila mgawanyiko huongeza seli moja na pande sita.

Anza na seli 100 zenye wastani wa pande 5, yaani pande 500. Zote zikigawanyika mara moja unapata seli 200 na pande 1,100, wastani 5.5. Raundi ya pili: seli 400, pande 2,300, wastani 5.75. Ya tatu: 5.875. Ukianza na wastani wa 7 utashuka kwa mtindo huo huo: 6.5, 6.25, na kuendelea. Hakuna protini iliyoamuru sita.

Sharti la hesabu hii ni kwamba kwenye kila kona zikutane seli tatu. Kwa kawaida ndivyo ilivyo, kwa sababu kuta za seli huvutana. Kona ya seli nne ni kona isiyo imara. Mvuto ukizidi kidogo upande mmoja inajigawa kuwa kona mbili za seli tatu tatu. Mivuto mitatu iliyo sawa hutulia kwenye nyuzi 120, ambayo ndiyo pembe ya ndani ya pembesita.

Ukihesabu mwenyewe, acha seli za ukingoni mwa picha, kwa sababu pande zake hazionekani zote. Hesabu seli zisizopungua mia mbili hivi kabla ya kuamini asilimia zako. Ngozi ya kitunguu, kwa kuwa seli zake zimerefuka, hudanganya jicho: nyingi huonekana kama mistatili hadi uhesabu majirani badala ya kuhesabu kona kali. Pima pia eneo la kila seli. Mwaka 1928 F. T. Lewis aligundua kwenye ngozi ya tango kwamba kadiri seli inavyokuwa na pande nyingi ndivyo eneo lake linavyoongezeka, na uhusiano huo hukaribia mstari mnyoofu.

Zipo tishu zinazokwenda mbali zaidi hadi kwenye pembesita karibu kamili. Jicho la inzi wa matunda lina vijicho kati ya 750 na 800 vilivyopangwa kwa safu za pembesita. Hapo hesabu ya kugawanyika haitoshi. Seli moja inayochaguliwa kuwa kiini cha kijicho huwazuia majirani wasiwe kama yeye, kupitia protini za Delta na Notch zinazogusana utando kwa utando. Kisha majirani hao huitwa mmoja baada ya mwingine kupewa kazi, na mwishoni seli za ziada kati ya vijicho hujiua. Usahihi wa jicho hilo unatokana na kupunguza kama unavyotokana na kujenga.

Jambo moja zaidi, kwa sababu wengi hudhani tishu ni bapa. Tishu ikikunjwa kama bomba, seli inaweza kuwa na majirani tofauti juu na chini. Umbo linalotokana lilielezwa mwaka 2018 na kupewa jina skutoidi: mche ambao ubavuni mwake kona moja imechanika kuwa mbili.

Mapacha wa kufanana wana DNA moja. Kwa nini alama zao za vidole zinatofautiana?

Kwa sababu DNA inaweka masharti, na michirizi yenyewe inapangwa na mawimbi yanayoathiriwa na vitu vidogo sana.

Katika mwezi wa tatu na wa nne wa mimba, ngozi ya ncha ya kidole huanza kujikunja kwa ndani. Kazi iliyochapishwa mwaka 2023 ilionyesha kwamba michirizi huanzia sehemu tatu: katikati ya uvimbe wa ncha ya kidole, chini ya ukucha, na kwenye mkunjo wa kiungo. Kutoka hapo inaenea ukanda baada ya ukanda hadi mawimbi yanakutana. Ishara za WNT huchochea mchirizi, za BMP huzuia, na EDAR hurekebisha nafasi kati yake. Mpangilio ni ule ule wa kichocheo na kizuizi, safari hii katika milia badala ya madoa.

Umbo kubwa hutegemea mawimbi yalianza lini na yalikutana wapi. Uvimbe wa ncha ukiwa bado umeinuka michirizi inapoanza, duara lina nafasi ya kutokea. Ukiwa umeshabonyea, hupatikana tao. Vitanzi viko katikati ya hali hizo. Mapacha kwa hiyo mara nyingi hufanana aina ya alama, kwa kuwa urefu wa uvimbe una urithi ndani yake. Lakini mahali mchirizi unapokatika au kugawanyika panategemea seli ipi ilitangulia kwa muda mfupi tu, na hapo mapacha huachana. Vidole kumi vya mtu mmoja huachana vilevile.

Michirizi hurudi ilivyokuwa baada ya kuungua kijuujuu kwa sababu mfano wake umekaa kwenye tabaka la chini la ngozi. Kovu likifika huko, mchirizi haurudi.

Paka wa rangi tatu akitengenezwa kwa kloni, mabaka yatakuwa sawa?

Hapana, na mabaka yake hayatokani na kichocheo na kizuizi. Paka jike ana kromosomu X mbili, na mapema sana kila seli huzima moja kwa bahati nasibu, kisha vizazi vya seli hiyo hurithi uamuzi huo. Mary Lyon alilieleza jambo hili mwaka 1961 kwa panya. Kila baka la rangi ya chungwa au jeusi ni ukoo wa seli zilizofanya uamuzi mmoja. Paka wa kwanza wa kloni, aliyezaliwa Marekani Desemba 2001 kutoka kwa paka wa rangi tatu, hakuwa na rangi ya chungwa hata kidogo, kwa kuwa seli aliyotolewa ilikuwa imekwisha kuzima X yenye rangi hiyo.

Nifanyeje kuhesabu mizunguko ya alizeti au koni ya msonobari bila kukosea? Na ni kweli kwamba namba za Fibonacci (1, 1, 2, 3, 5, 8, 13, kila moja ikiwa jumla ya mbili zilizotangulia) hazikosekani?

Piga picha kutoka juu kabisa, kamera ikiwa sambamba na uso wa ua. Chagua mkanda mwembamba ulio umbali mmoja kutoka katikati, karibu theluthi mbili za nusu kipenyo, na usiutoke. Weka alama kwenye mbegu moja ndani ya mkanda. Fuata mzunguko unaopita hapo kwa kalamu ya rangi hadi ukingoni, kisha ruka kwenye mzunguko wa jirani unaopinda upande ule ule, na uendelee hadi urudi ulikoanza. Badili rangi, hesabu familia inayopinda upande wa pili. Kwa koni, funga uzi kwenye gamba la kwanza kama alama ya kuanzia. Utapata kwa kawaida 5 na 8, au 8 na 13.

Kosa linalorudiwa sana ni kuhama mkanda bila kujua. Ua moja linaweza kuwa na 34 na 55 karibu na katikati, kisha 55 na 89 kwenye ukingo, kwa sababu mizunguko inayoonekana wazi hubadilika eneo linapotanuka. Aliyehesabu upande mmoja ndani na wa pili nje ataleta namba zisizoeleweka.

Fibonacci ni kawaida, si sheria. Katika mradi wa wananchi wa Manchester uliochapishwa mwaka 2016 ukiwa na alizeti 657, karibu robo tatu ya hesabu zilikuwa namba za Fibonacci. Nyingine ziliangukia kwenye mfuatano wa Lucas, yaani 4, 7, 11, 18, 29, 47, au zilikosea kwa moja, na nyingine hazikuwa na mpangilio ulio wazi. Ukipata 47, usiirekebishe ili ipendeze. Iandike.

Chanzo chake ni ushindani wa nafasi. Wilhelm Hofmeister alisema mwaka 1868 kwamba chipukizi jipya huzuka kwenye pengo kubwa lililoachwa na yaliyotangulia. Leo tunajua kinachopima pengo: homoni ya auksini. Protini ya PIN1 kwenye utando wa seli husukuma auksini kuelekea kwa jirani aliye nayo nyingi zaidi, hivyo kilele kinajijenga, na eneo linalokizunguka linakauka auksini. Hapa kazi ya kizuizi inafanywa na upungufu. Ushahidi ni mzuri mno: ncha ya mnyanya iliyooteshwa kwenye dawa inayozuia usafirishaji wa auksini hurefuka kama sindano bila jani hata moja, na ukiipaka auksini kidogo ubavuni, jani linaota pale ulipopaka.

Machipukizi yakifuatana kwa kanuni hiyo huku ncha ikipanuka, pembe kati ya moja na lifuatalo hutulia karibu nyuzi 137.5. Stéphane Douady na Yves Couder waliipata pembe hiyo maabara mwaka 1992 bila mmea wowote, kwa matone ya kimiminika chenye sumaku yanayosukumana ndani ya sahani. Ukitaka kuichora, weka mbegu namba n umbali wa kipeo cha pili cha n kutoka katikati, kwenye pembe ya n mara 137.508. Badili pembe iwe 120 na utaona mistari mitatu mikavu yenye mapengo makubwa kati yake.

Kama madoa na milia huongezeka pale nafasi inapoongezeka, kwa nini binadamu huzaliwa na vidole vitano barabara, si vinne wala saba?

Kwa sababu mwili unaurekebisha umbali wenyewe kiungo kinapokua. Mwaka 2014 ilionyeshwa kwamba vidole vya panya hupangwa na mtandao wa BMP, Sox9 na WNT unaofanya kazi kwa mtindo wa Turing: Sox9 huwaka panapokuwa kidole, WNT hutawala kwenye nafasi za katikati. Juu ya mtandao huo zipo jeni za Hox, zinazopanga sehemu za mwili, na ishara za FGF kutoka ukingoni mwa kiungo, nazo hutanua umbali kadiri unavyokaribia ncha, na kwa hiyo vidole hutawanyika kama mbavu za kipepeo cha mkono bila kugawanyika. Panya walioondolewa kidogo kidogo jeni za Hox, pamoja na jeni ya Gli3, walipata vidole hadi 14 katika mguu mmoja, vyembamba na vilivyobanana. Mguu ulikuwa karibu upana ule ule. Kilichopungua ni umbali.

Samaki wa jamii ya Pomacanthus hawana marekebisho hayo, na tofauti inaonekana kwa macho. Shigeru Kondo na Rihito Asai waliripoti mwaka 1995 kwamba mtoto wa samaki hao aliye chini ya sentimeta 2 huwa na milia mitatu, na akifika sentimeta 4 milia mipya huchipuka katikati ya ile ya zamani.

Mimi ni mwalimu. Je, niwaambie wanafunzi kwamba kila mpangilio wa mwilini ni wa Turing?

Tafadhali usiwaambie hivyo. Mpangilio uliokamilika hausemi ulivyotengenezwa. Milia inayofanana inaweza kutoka kwenye njia tatu au nne zisizohusiana, na njia ya kuzitenganisha ni kuuvuruga mpangilio na kutazama unachofanya.

Kiinitete cha inzi wa matunda kina milia saba ya jeni ya even-skipped, iliyonyooka na yenye nafasi sawa. Ungeapa ni Turing. Kumbe milia hiyo inawashwa na swichi mbalimbali za DNA, baadhi zikiwa za mlia mmoja tu. Mlia wa pili huwashwa na protini za Bicoid na Hunchback, ukakatwa mbele na protini ya Giant na nyuma na ya Krüppel. Ukiiharibu swichi yake, mlia huo unapotea na mingine haisogei kuziba pengo. Mpangilio wa Turing ungejipanga upya.

Linganisha na samaki danio wa maabara mwenye milia mlalo. Mwaka 2007 watafiti waliua seli za rangi kwa leza kwenye eneo la ubavu. Milia ilirudi, lakini si lazima kwa mwelekeo wa awali. Huko ndiko kujipanga. Seli zake nyeusi na za njano husukumana na kusaidiana, kwa sehemu kubwa kwa kugusana na kwa nyuzi ndefu za utando badala ya kemikali inayoelea, lakini hesabu yake inafuata kanuni ile ile ya karibu na mbali. Danio mwenye hitilafu kwenye jeni ya mifereji inayounganisha seli huwa na madoa badala ya milia.

Pingili za uti wa mgongo ni njia ya tatu: saa. Seli za mkiani huwasha na kuzima jeni kwa mapigo, na kila pigo hukata kipande kimoja, takribani dakika 30 kwa danio, 90 kwa kuku, saa mbili kwa panya. Nyoka hupata pingili zaidi ya 300 kwa kuwa saa yake hupiga haraka ikilinganishwa na kasi ya tishu kukua.

Ya nne ni nguvu za kusukumana. Utumbo wa kifaranga ndani ya yai huanza ukiwa laini kwa ndani. Tabaka la kwanza la misuli, la mduara, likikomaa, ngozi ya ndani inayoendelea kukua inabanwa na kujikunja kuwa matuta marefu. Misuli ya urefu ikiongezeka, matuta yanavunjika kuwa zigizaga, na tabaka la tatu likikamilika zigizaga hugeuka kuwa vidole vidogo vya kufyonza chakula. Tenganisha misuli na ngozi ya ndani, mikunjo inalegea. Magamba ya uso wa mamba nayo ni ya kundi hili. Mwaka 2013 yalielezwa kama nyufa za ngozi, ndiyo sababu ya kulia na ya kushoto hayalingani. Mwaka 2024 majaribio yalionyesha kwamba chanzo ni ngozi inayokua haraka kuliko tishu ya chini yake na kujikunja kwa kubanwa. Protini ya EGF iliyodungwa kwenye mayai iliongeza ukuaji na ugumu wa ngozi, na mikunjo ikawa mingi na ya kupindapinda. Magamba ya mwili wa mamba huyo huyo hupangwa kwa ishara za jeni. Mnyama mmoja, ngozi moja, njia mbili.

Nataka kuiona hali hii kwenye kompyuta. Nianzie wapi?

Tumia mfumo wa Gray na Scott. Tengeneza gridi ya pikseli 256 kwa 256, kila pikseli ikiwa na namba mbili, A na B. Jaza A = 1 na B = 0 kila mahali, kisha katikati weka mraba wa 10 kwa 10 wenye B = 1. Kwa kila hatua:

A mpya = A + Da × LA − A × B × B + f × (1 − A)
B mpya = B + Db × LB + A × B × B − (k + f) × B

Da na Db ni kasi za kusambaa za A na B, f ni kasi ya kuongezewa A, na k ni kasi ya kuondolewa B. Weka Da = 1 na Db = 0.5. LA na LB ni kipimo cha tofauti na majirani: zidisha pikseli yenyewe kwa −1, majirani wanne wa pembeni kwa 0.2 kila mmoja, wanne wa kona kwa 0.05, kisha jumlisha. Hapa B ndiyo inayojiongeza, na A ni chakula chake kinachosambaa haraka mara mbili. Kizuizi ni upungufu, kama kwa auksini. Kwa f = 0.055 na k = 0.062 utapata matawi yanayojaza gridi kama matumbawe. Kwa f = 0.0367 na k = 0.0649 utapata madoa yanayogawanyika mawili mawili. Chora A − B, na usihukumu kabla ya hatua 5,000.

Yanayoharibika ni haya. Ukiandika thamani mpya juu ya gridi ile ile unayosoma, baadhi ya majirani watakuwa wa hatua inayofuata na umbo litaegemea upande mmoja. Tumia gridi mbili na kuzibadilishana. Vizidishi vya majirani visipojumlishika kuwa sifuri, kitu kinavuja au kinazuka bila sababu. Ukizidisha mabadiliko yote kwa hatua ya muda inayozidi 1.25, gridi hugeuka ubao wa drafti na namba kulipuka. Gridi yote ikirudi kuwa tupu, mbegu ya B ilikuwa ndogo mno au k imepanda kidogo. Badiliko la 0.003 tu linatosha kuua kila kitu. Kwenye kingo, unganisha kulia na kushoto, juu na chini.

Ukishapata matawi, punguza upana wa gridi hadi pikseli 8, panda mbegu za B sehemu nyingi kwa urefu wake, na urudie kwa f na k zile zile za matumbawe. Matawi hayatakuwa na nafasi ya kupinda, na utapata pete zinazofuatana kama za mkia wa duma.